Mluzi wa Magesa na Kundi la Mama Minza

Wadogo zangu mnaochunga sasa kwa Mama Minza, mmenisumbua niwaandikie mambo ya tulikotoka, na mimi kusumbuliwa mara moja kunanitosha. Nimestaafu. Najua mnacheka, maana sina mvi hata moja, na huku kwetu mtu akisema amestaafu watu wanategemea wamwone na redio na miwani. Mimi nina goti. Dume letu, Mwenyekiti, alinibana kwenye nguzo ya geti siku ya kunyunyizia dawa ya kupe, goti likalia kama ukuni mkavu. Daktari akaniambia naweza kutembea, naweza hata kucheza muziki kama ni wa taratibu, ila kukimbiza ng'ombe basi. Mwenyekiti simlaumu. Alikuwa anamkimbia nzi.

Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nitasema kama ninavyosema nikiwa nimekaa hapa kwenye kibanda changu cha maziwa Buhongwa, wateja wakiwa wachache.

Mama Minza nyinyi mnamjua kama bosi. Mimi nilimkuta anatoka kupika. Alikuwa na mgahawa Mkuyuni, wachuuzi wa mifugo wakitoka mnadani wanakula kwake, na yeye huku anachota supu anasikiliza. Alisikia miaka mingi jinsi malisho yanavyoisha, jinsi ng'ombe wanavyohamishwa mbali kutafuta majani, jinsi watu wanavyogombana mpakani. Siku moja akafunga mgahawa, akaenda kukaa kwenye eneo aliloachiwa na baba yake, kule chini unapotoka Buhongwa kushuka kuelekea ziwani. Akazungushia uzio wa minyaa. Akagawa ndani vipande vipande, kila kipande kinaliwa kwa zamu, kingine kinapumzika. Watu wakasema huyu mama amewajengea ng'ombe nyumba ya vyumba.

Hilo walilizoea. Kilichowashinda ni kondoo. Kwetu kondoo ni wa kufuga wachache nyuma ya nyumba, hakuna anayempangia mipango. Mama Minza akasema atachunga kondoo na ng'ombe pamoja, kundi moja, mchungaji mmoja. Ng'ombe wanatangulia kula majani marefu, kondoo wanamalizia yale mafupi na magugu ambayo ng'ombe hawayataki.

"Ng'ombe anafagia sebuleni," alikuwa akisema, "kondoo anafagia chini ya kitanda."

Siku yangu ya kwanza nilifika na begi la shule lililokatika mkanda, ndani nimeweka shati moja na picha niliyoichora mwenyewe. Ilikuwa picha ya ranchi yangu ya baadaye, ina geti kubwa na ng'ombe wanaotabasamu. Nilimkuta Mama Minza ameinama anakata kwato za kondoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaogopa ng'ombe?"

"Siogopi, mama."

"Basi huwajui. Magesa! Mchukue huyu, mwogopeshe kidogo, halafu unirudishie."

Magesa ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mjita wa upande wa Mara, mtu wa makamo, mabega mapana ya kuvuta nyavu, miguuni katambuga za matairi zilizokuwa zimekula barabara nyingi kabla hazijawa viatu. Uvuvi aliuacha kwa sababu, alivyosema yeye, samaki hawana heshima: unamtunza nani na hata hamjuani? Ng'ombe mnajuana.

Alinionyesha kwanza kutazama masikio. "Dogo, usimwangalie ng'ombe usoni, usoni anakudanganya. Masikio yakilala nyuma, wewe pisha." Akanionyesha kupe wanajificha wapi: ndani ya sikio, chini ya mkia, kwenye makunjo ya kiwele. Kwa kondoo akanionyesha kwato. Huku ufukweni tope haliishi, na kondoo aliyelelewa kwenye tope kwato zinaoza, zinanuka, anatembea kwa magoti kama anaomba. Unakata sehemu mbovu kwa kisu kikali, unamsimamisha kwenye maji ya mrututu, ile dawa ya buluu, unamwachia akauke juani. Msiruke hatua ya kukauka. Wengi mnairuka kwa sababu mna haraka ya kwenda kwenye simu.

Minyaa ukiikata, kata huku umegeuza uso. Utomvu wake ukiingia jichoni unakumbuka dhambi zako zote, pamoja na zile za wenzako.

Lakini somo kubwa lilikuwa la wanakondoo. Kondoo hamfuati mtu, anamfuata kondoo mwenzake, na huyo mwenzake naye hajui anakokwenda. Kwa hiyo Mama Minza alikuwa akichukua wanakondoo walioachishwa kunyonya, anawaweka kwenye banda la ndama, kati yao kuna uzio wa fito tu. Wanalala wakinusana. Wanalamba chumvi kwenye jiwe moja. Baadaye fito zinatolewa. Wakitoka nje siku ya kwanza, mwanakondoo hatafuti kondoo, anamtafuta ndama wake. Wakikua, ng'ombe akigeuka kondoo anageuka, ng'ombe akienda majini kondoo yuko nyuma ya kwato zake. Mbwa koko wakija, kondoo wanaingia katikati ya ng'ombe na mbwa wanakutana na pembe.

Majirani walikuja kushangaa. Mmoja alisimama kwenye uzio akapaza sauti, "Mama Minza, ndama wako huyo mbona anasema mee?"

"Anasoma lugha," Mama Minza akamjibu bila kuinua kichwa. "Wako wanasoma nini?"

Ng'ombe aliyekuwa akiongoza tulimwita Mwalimu, kwa sababu alitangulia mbele taratibu na hakupenda mtu ampite. Nyuma yake kila siku alikuwepo kondoo mmoja mwenye mkia mnene tuliyemwita Karani. Mwalimu akienda, kundi lote limekwenda. Na Mwalimu alikuwa anaenda kwa kitu kimoja: mluzi wa Magesa. Sauti mbili fupi na moja ndefu inayopanda juu kama swali. Maana yake ilikuwa "njooni nilipo." Magesa hakuwa anawaswaga. Alitangulia, anasimama mbali, anapiga, wanakuja. Mimi niliona ni uchawi mzuri kabisa.

Kisha mama yake Magesa akaugua, ikabidi arudi kwao moja kwa moja. Alituaga, akapanda bodaboda hadi barabara kubwa. Kesho yake asubuhi nikafungua boma nikapiga mluzi wangu. Hakuna aliyenigeukia. Walisimama getini wanalia upande ule aliokwenda Magesa, wakalia, wakalia, mpaka Mwenyekiti akaivunja minyaa na kundi zima likapanda kuelekea lami. Tuliwakuta Buhongwa katikati ya magari, kondoo wamejaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, watu wanapiga picha. Mtamba wetu mmoja aligongwa na lori, hakuinuka. Mama Minza alikaa chini kando ya barabara, akamshika sikio mpaka mwisho.

Tulimpigia Magesa simu. Nikaweka sauti kubwa, nikainyoosha simu mbele ya Mwalimu, Magesa akapiga mluzi kutoka huko Mara. Mwalimu akaiangalia simu. Akaniangalia mimi. Akaendelea kutafuna.

Ikabidi nijifunze mluzi ule ule, si wa kufanana, ule ule. Nilikuwa napiga nikichota maji, nikikata majani, nikila mpaka ugali unaruka. Magesa akinisikiliza kwenye simu ananisahihisha: "Mwisho unashusha, dogo. Unauliza, hujibu." Kiangazi chote kilipita hivyo, huku tunawalisha kwa kukata majani na kuwapelekea bomani. Siku Mwalimu alipoinua kichwa, masikio mbele, akaanza kuja kwangu na Karani nyuma yake, nililia mbele za watu na sikujali. Tangu hapo Mama Minza akaamini, na mimi nikaamini, kwamba kundi lile ni mluzi ule. Mluzi ukikatika, kundi limekatika.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi, na kazi ikienda vizuri haina habari nyingi. Wageni walianza kuja kutazama. Kijana mmoja wa Magu alijaribu kwake kwa mbuzi badala ya kondoo. Mbuzi walikula mpaka paa. Mzee mmoja aliyekuwa akitucheka alileta wanakondoo wake kimyakimya tuwalaze na ndama wetu, akatuomba tusimwambie mkewe, kwa sababu mkewe ndiye aliyeshauri hivyo tangu zamani.

Ndipo likaja goti langu, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Aliyekuwa tayari kuchukua kazi yangu alikuwa Doto. Mnamjua, ndiye anayewapa amri leo. Wakati huo alikuwa mkamuaji wetu, binti wa jirani, mcheshi, mikono ina nguvu kama ya fundi. Asubuhi na jioni anakamua, katikati anatunza ndama na wanakondoo bandani. Alitaka kuchunga. Shida ilikuwa moja: Doto hawezi kupiga mluzi. Ana pengo la mbele na upepo wote unapita hapo. Tulikaa kwenye ukuta wa josho nikimfundisha, na kilichotoka kilikuwa sauti ya pampu ya baiskeli iliyotoboka.

"Kaka Shija, huu si mluzi, hii ni pumu."

"Jaribu tena. Ulimi chini."

"Ulimi uko chini. Jino ndilo halipo."

Mama Minza alitusikiliza siku hizo zote na uso wake ukazidi kukaza. Mwishowe alituita wote wawili. "Sitazika mtamba mwingine kwenye lami," akasema. "Kundi lisipomfuata Doto kabla ya mvua kuanza, nauza kondoo wote, ng'ombe nabakiza wachache wa maziwa, wa kufungwa bandani. Basi. Nitakuwa nimejaribu."

Alisema polepole kabisa, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Doto akaniangalia. Mimi nikaangalia goti langu. Kazi yake Mama Minza yote, vipande vyake, wanakondoo na ndama wake, na yangu mimi vilevile, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye pengo la Doto.

Tukaanza kuwapeleka majini pamoja. Doto mbele na fimbo, mimi napanda juu ya jiwe kubwa lililo upande wa pili wa kile kihori kidogo, pale ziwa linapoingia nchi kavu, mahali ambapo ng'ombe wananiona. Doto anapiga pampu yake, ng'ombe hawana habari, mimi napiga mluzi, wanazunguka kihori kwa njia ya ukingoni wanakuja. Kila siku nilijiambia kesho nitanyamaza. Kila siku nilipiga. Mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa Ukerewe.

Asubuhi moja ziwa lilivuma sana. Tulipofika ufukweni na kundi limetoka kunyunyiziwa dawa, lina kiu, kihori chote kilikuwa kijani. Upepo ulikuwa umeleta magugu maji ukayajaza kutoka ukingo hadi ukingo, yamefunga vizuri, maua ya zambarau juu. Kama hujui, unaweza kuapa ni malisho yaliyopumzishwa. Chini yake, hatua chache tu kutoka ukingoni, kuna mashimo marefu ya wachimba mchanga. Ng'ombe wa jirani alizama pale mwaka uliotangulia. Magugu yanamshika miguu na hawezi kuogelea.

Mimi nilikuwa nimeshatangulia kwenye jiwe langu upande wa pili. Doto alikuwa nyuma na kondoo waliochelewa. Mama Minza alikuwa anashuka kutoka getini na ndoo ya chumvi. Nikamwona Mwalimu anafika ukingoni, ananusa yale maua, anaweka mguu mmoja. Nyuma yake Karani, nyuma ya Karani wote.

Nikaweka vidole mdomoni.

"Usipige!" Doto alipiga ukelele mpaka ndege wakaruka. "Kaka Shija, usipige! Watakatiza kuja kwako!"

Nikaganda. Kati yangu na Mwalimu hapakuwa na kitu isipokuwa kijani. Kila siku nilikuwa nimewaita kutoka kwenye jiwe lile, na kila siku walizunguka kwa sababu katikati waliona maji. Leo katikati waliona majani. Mluzi wangu ungewaleta moja kwa moja, na mashimo yako pale. Nikatoa vidole mdomoni, nikavishikilia kwa mkono mwingine kama si vyangu.

Mwalimu akaweka mguu wa pili. Magugu yakabonyea, maji meusi yakatoka. Karani akampita pembeni, akaanza kutembea juu ya magugu kama bwana harusi kwenye zulia.

Doto hakupiga pampu yake. Alitupa fimbo. Akachuchumaa pale pale nyuma yao, kwenye vumbi, kama anavyochuchumaa kukamua, akaanza kuongea. Si kwa kupaza sauti. Upepo ulinipa vipande vipande.

"Mwalimu. Mwalimu mama. Sogea. Haya, sogea mama, mguu nyuma. Mguu nyuma, mama."

Yale maneno niliyasikia kila alfajiri nikinywa chai nje ya banda, na sikuwahi kuyasikiliza. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia wakati wa kukamua, ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, tangu wengine wakiwa ndama kwenye banda lile lile na wanakondoo. Masikio ya Mwalimu yalikuwa yamenielekea mimi. Yakageuka. Moja, halafu la pili. Akarudisha mguu nyuma, magugu yakang'ang'ania, akavuta, ukatoka. Akageuka mzima mzima na kichwa kikaenda kwa Doto, na wale wa nyuma, kwa kuwa Mwalimu amegeuka, wakageuka.

Alibaki Karani. Alikuwa amezama hadi shingoni na bado anatafuna ua. Doto akaingia hadi kiunoni, akashika ule mkia mnene, akavuta kama anang'oa muhogo. Wakatoka wote wawili kinyumenyume, weusi kwa tope. Karani akajikung'uta, akamfuata Mwalimu bila hata asante.

Nilizunguka kihori kwa mkongojo wangu. Nilipofika nilimkuta Mama Minza amekaa juu ya ndoo ya chumvi, mkono kifuani.

"Shija."

"Naam, mama."

"Miezi yote hii tulikuwa tunamfundisha mtoto wa watu kupiga mluzi."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe Doto, kwa nini hukusema kwamba wanakusikia?"

Doto alikuwa anakamua maji kwenye khanga yake. "Mlisema mchungaji ni mluzi. Mimi nilijua maneno yale ni ya kukamulia tu." Akafikiri kidogo. "Halafu hakuna aliyeniuliza, mama. Kila mtu alikuwa anatazama jino langu."

Mama Minza akacheka mpaka akashika goti langu bovu ili asianguke, na mimi nikapiga kelele, na ng'ombe wote wakatugeukia. Alipomaliza kucheka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Kondoo hawauzwi," akasema. "Wapelekeni wakanywe kule kwenye changarawe, kabla sijabadili mawazo."

Doto akatangulia mbele. Hakuokota hata fimbo. Alikuwa anaita majina njiani, hili na lile, kwa ile sauti ya alfajiri, na kundi likamfuata: Mwalimu, Karani, ndama na wanakondoo wao, Mwenyekiti mwisho kabisa akijifanya anakwenda kwa hiari yake. Walipita karibu yangu kiasi kwamba vumbi lao liliniingia mdomoni. Hakuna aliyeinua kichwa kunitazama. Mdomo wangu ulikuwa umeshajikunja wenyewe, tayari kwa mluzi. Nikaukunjua.

Doto aliona. Akasimama, kundi likasimama nyuma yake.

"Kaka Shija, umekasirika?"

"Kidogo," nikamwambia. "Waite tena."